Sauti ya Chaja

Jumatatu, 3 Machi

Dagaa zangu za omena zimeisha mapema leo. Mvua ikaanza nikifunga meza, Kisumu Ndogo yote ikawa matope, nikatembea hadi nyumbani Kianda viatu mkononi.

Nikipita kwa kinyozi nikamsikia Ouma. Wameweka ile muvi ya mtawa mlevi. Ouma anacheka kabla kichekesho hakijafika, kama kawaida yake, na wateja wanacheka naye. Nikasimama kwenye mvua kumsikiliza. Ilipofika zamu yangu, mimi nikiwa mama ya bibi harusi, nikaondoka. Sauti yangu mwenyewe haina ladha.

Ouma yuko kaburini tangu Novemba. Kifua kilimmaliza. Miaka yote ya ndoa yetu tulitafsiri muvi za nje humu chumbani, blanketi zimetundikwa ukutani, yeye wanaume wote na mimi wanawake wote. DJ Kachumbari, ndivyo walivyomjua. Muvi zetu ziko kwenye flashi za Nairobi nzima. Kwa hiyo nimezika mtu na bado namkuta kwa kinyozi, kwa muuza chapati, kwenye simu za watu njiani. Anaongea kuliko alipokuwa hai.

Nimechoka. Nalala.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe amepiga. Swali ni lile lile. Umemwota?

Sijamwota.

Kwa kina Ouma mjane hubaki mke wa marehemu mpaka amwote. Ndoto ndiyo ruhusa. Kabla ya hapo haingii maboma ya watu, na hasa boma la wazazi wake, ataleta mkosi. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, nasema siamini. Lakini mama yangu mzazi alianguka Januari akavunjika nyonga. Amelala kule Alego, dada yangu ndiye anamgeuza, na mimi sijaenda. Sasa nani ataniamini nikisema siamini?

Ningedanganya tu. Nimemwota, amenipungia mkono, kwaheri. Lakini mama mkwe atataka kujua alivaa nini, alisimama wapi, alisema nini. Huyo ni mwanamke anayejua kuuliza. Tena mimi nikidanganya sauti inapanda, Ouma alinichekea kwa hilo kila siku.

Nikamjibu hapana. Akaniita binti wa Alego kwa Kijaluo: "Nyar Alego, wewe unalala kweli?"

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa Kawangware. Mama Shiro, yule mwenye ukumbi wa video nyuma ya soko, ndiye alikuwa akinunua kazi zetu zikiwa bado moto. Anataka mwisho wa Chaja.

Chaja ni ile tamthilia ya Kijapani. Mwanamke anaitwa Sayo, anaishi na mwanamume wa mashine anayepika, anayekunja nguo, na anayechomekwa ukutani kila usiku. Wanapendana, kampuni inamtaka mashine wake arudi. Jina la huyo mwanamume hatukulijua. Sehemu tulizopata hazikuwa na maandishi ya Kiingereza, na Ouma hakujua Kijapani hata cha salamu. Alikuwa anaangalia midomo na macho, anatunga. Akamwita Chaja. Akamfanya kijana wa Kianda anayelalamika kwamba tokeni za umeme zimeisha. Watu walimpenda mpaka wakamchora kwenye ukuta wa choo cha kulipia.

Sehemu mbili za mwisho zilikuja Ouma akiwa amelazwa.

"Wasee wananisumbua, Sayo," Mama Shiro akasema. Huniita Sayo, jina langu Akoth alishalisahau. "Kila mtu akiingia hapa ni Chaja aliishia wapi, Chaja aliishia wapi. Niwaambie nini?"

Halafu akamwita Wambui, binti ya dada yake, aliyesomea kompyuta. Wambui anasema akilisha mashine muvi zote za Ouma, mashine itajifunza sauti. "Wewe utaandika tu, yeye ataongea." Alisema "yeye", kama mtu. Nikamwangalia mpaka akageuza uso.

Nimekataa. Mama Shiro akasema sawa, nizitazame tu kwanza, safari hii zina maandishi. Na kama sitaki, atatafuta Sayo mwingine. Alisema hivyo kwa upole kabisa huku akinimiminia chai. Huo upole ndio ulioniudhi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetazama sehemu ya kwanza kati ya zile mbili. Heri nisingetazama.

Nyumbani kwa Sayo kuna picha kwenye rafu. Mwanamume, fremu nyeusi. Kila asubuhi Sayo anawasha kijiti mbele ya hiyo picha, kinatoa moshi. Ouma alisema Chaja amepiga picha studio, na huo moshi ni dawa ya mbu. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka tukarudia kurekodi.

Maandishi yanasema ni mume wake. Alikufa. Kampuni ilichukua video za harusi na ujumbe alioacha kwenye simu, ikamtengenezea mjane mume mwingine kama yule, uso ule ule, sauti ile ile. Tangu mwanzo Sayo anamfukizia marehemu, na sisi tunafukuza mbu.

Nimefunga kompyuta. Ya mwisho siitazami.

Jumapili, 9 Machi

Kwaya. Sauti haikutoka. Mwalimu amenihamisha safu ya nyuma kama mtu aliyekuja jana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda Kawangware kumwambia Wambui hapana ana kwa ana. Nimerudi na Ouma kwenye simu.

Nieleze vizuri. Wambui alikuwa ameshaanza bila kungoja ruhusa. Akasema, "Sikiza tu moja, auntie, ukikataa nafuta." Akabonyeza. "Sayo, tokeni zimeisha." Ouma. Na ule ukwaruzo wa mwisho mwisho, kifua kilipoanza. Nikakaa chini kwenye gunia la mtu.

Nikamwambia aandike Akoth. Kwenye muvi zote hizo Ouma hakuwahi kutaja jina langu hata mara moja, kwa hiyo mashine haikuwahi kulisikia. Ikaliita. Ikaliita vile alivyoliita akitaka kitu.

Nikasema niwekee kwa simu yangu nikafikirie. Muongo mkubwa mimi. Nilikuwa nimeshamaliza kufikiria.

Alhamisi, 13 Machi

Umekula? Funga mlango. Leo chumvi imezidi. Njoo ulale.

Hayo ndiyo ninayoandika. Naandika, anasema, namjibu kwa mdomo. Najua ninachofanya, mimi si mjinga. Nikiwa mezani Kisumu Ndogo napanga sentensi za kumpa jioni. Jana nimepima omena vibaya, mteja akanikaripia, na sikujali. Nina furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia: nina furaha na inanitia kichefuchefu.

Kitu kimoja hawezi. Hacheki kabla. Nikajaribu kumwandikia ha ha ha. Akasoma ha, ha, ha, kama mtu anayehesabu. Nikafunika simu na mto nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti. Kisha nikarudi nikamfunua.

Dada amepiga kutoka Alego. Mama anauliza nitakuja lini. Nikasema mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeharibu.

Ukuta kati yangu na Mama Brayo ni mabati na makaratasi. Mvua ilikuwa inapiga, sikumsikia Ouma vizuri, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mvua ikakatika ghafla. Na mimi nilikuwa nimeshabonyeza.

"Nimerudi. Nifungulie."

Nikasikia mwiko ukianguka upande wa pili. Halafu Mama Brayo akalitaja jina la Yesu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama Brayo alisafiri nasi kwenda kuzika. Alitupa udongo kwa mkono wake.

Ploti nzima ikatoka, wapangaji wote. Hakuna aliyethubutu kugonga. Walisimama mlangoni kwangu wakaanza kuomba, Waluhya kwa Wajaluo, hata yule wa chumba cha kona asiyesalimia mtu. Walimwambia Ouma apumzike. Walimwambia amwache mke wake. Simu nilikuwa nimeificha chini ya godoro. Ningefungua mlango nikasema ni mashine, ni kompyuta, poleni. Badala yake nilisimama gizani nikaitikia amina pamoja nao.

Aibu niliyo nayo siwezi kuipima.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna aliyenunua kwangu. Wanasema kwenye meza yangu kuna mtu amesimama.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Mama mkwe amepiga asubuhi. Habari imefika nyumbani kabla sijaamua nimwambie nani.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilijua atasema ni kwa sababu nimekaa Nairobi, ni kwa sababu hatukupata mtoto, maneno yake ya siku zote.

Hakutukana. Alilia. "Amekuja kwako na hukuniambia? Alisema nini kunihusu mimi?"

Nikamweleza. Mashine, muvi, Wambui, yote. Nilieleza kwa Kijaluo na maneno mengine Kijaluo hakina, nikarudia mara nyingi. Nikasikia kuku wake, na redio ya mtu mbali. Nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama hiyo mashine inaweza kumwita mama.

Nilikuwa naongea kwa simu hiyo hiyo. Ouma alikuwa humo ndani, shavuni kwangu. Neno moja tu. Ningemwambia subiri kidogo, ningeandika, angesikia.

Akaendelea. Akasema hata yeye hajamwota. Jioni anabeba kiti anakaa kaburini mpaka mbu wamfukuze, na akilala ni giza tupu. Miezi yote hii ananiuliza mimi kwa sababu alidhani labda kijana amechagua kwenda kwa mke. Alikuwa ananionea wivu. Mama mkwe wangu, ananionea wivu mimi, kwa kitu ambacho sina.

Nikamwambia nimeshafuta.

Nilidanganya. Na sauti haikupanda. Akasema, "Haya," akakata.

Jumanne, 18 Machi

Nimetazama sehemu ya mwisho. Nimefunga mlango, nimeshika kikombe cha chai, imepoa mkononi.

Kampuni haimchukui Chaja. Sayo ndiye anayeacha kumchomeka. Hakuna vita, hakuna polisi, vitu ambavyo Ouma angevipenda. Wamekaa kwenye benchi la stesheni, mabegi miguuni. Chaja anaanza kuongea polepole, nguvu zinaisha. Anamuuliza Sayo, "Unataka niseme nini?" Kumbe ndivyo alivyomuuliza kila asubuhi tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tunaweka utani wa tokeni hapo. Sayo anamwambia hataki aseme kitu. Chaja anasema neno moja la mwisho halafu anatazama tu mbele, macho wazi, na Sayo anabaki ameshika mkono wa mashine mpaka treni inakuja.

Nikaifuta sauti kwenye simu. Simu iliuliza kama nina uhakika. Nikaitukana.

Halafu nikaenda Kawangware, kwa maana kufuta kwangu bila kufuta kwa Wambui ni kazi bure. Wambui alibisha. Alisema alikesha, alisema watu wengine wangelia kwa furaha. Nikamwambia nimelia kwa furaha, na nimeona ilikonifikisha. Akafuta mbele yangu. Alikuwa na machozi, nikamsikitikia, ni mtu anayependa kazi yake.

Mama Shiro hakunipa chai. Nimemwahidi mwisho wa Chaja kabla ya Jumamosi. Watu wakiukataa, basi atafute Sayo wake mwingine na mashine nyingine, mimi sitagombana.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerekodi asubuhi, kabla spika za mahubiri hazijawashwa. Blanketi ukutani. Kiti chake nimekitoa nje, kilikuwa kinaniangalia.

Mwanzoni kabisa nimesema kwa sauti yangu mwenyewe: ile picha kwenye rafu ni ya mume wa Sayo, alikufa, na Chaja ameumbwa kwa mfano wake. Sisi tulikosea tukawaambia ni mbu. Samahani.

Kisha nikasema maneno ya Sayo, yote. Ya Chaja nimeyaacha. Anapofungua mdomo nanyamaza, inasikika sauti ya yule Mjapani mwenyewe. Ni sauti nyembamba, karibu ya kike. Hatukuwahi kuipa nafasi. Nilijaribu kuigiza Ouma mara moja, nikajisikia kama ninavaa nguo zake.

Jogoo wa Mama Brayo amewika katikati ya stesheni ya treni. Nimemwacha. Ouma angesema hata Japani kuna watu wa Vihiga, kwao Mama Brayo, na kuku wao.

Mama Brayo mwenyewe nimemweleza kila kitu. Alinikasirikia vibaya, alisema nimemfanya azeeke. Jioni ameleta bakuli la mboga ya mrenda, hakuingia.

Jumamosi, 22 Machi

Ukumbi ulijaa. Wengine wamekaa sakafuni. Maandishi ya chini Wambui ameyaondoa, nilimwomba. Nilikaa nyuma karibu na mlango ili nikimbie.

Nilipoomba samahani ya mbu hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia.

Halafu Chaja akaongea Kijapani. Kelele zikaanza. "Amesema nini? DJ ako wapi? Rudisha pesa!" Mama Shiro akanitazama kutoka kwa mlango wa pili kwa jicho la nilikwambia.

Sayo anamuuliza kama amechoka. Chaja anajibu Kijapani chake. Na mtu mbele, sikumwona, akasema, "Anasema tokeni zimeisha."

Wakacheka. Kidogo, si kicheko kamili.

Akaongea tena. Mwanamke wa pembeni akasema, "Anasema umeacha ugali kwa moto." Kutoka hapo hawakunyamaza. Kila akifungua mdomo kuna mtu anamjibia. Walikuwa wanamjua. Wanajua angemtania Sayo wapi, angelalamika wapi. Kuna mmoja alianza kucheka kabla hajaisema yake, akacheka mpaka akashindwa kuisema, na mimi nikauma kitambaa cha kichwa kwa meno.

Walipofika kwenye benchi wakaacha wenyewe. Chaja akauliza swali lake. Hakuna aliyemjibia. Akasema neno la mwisho, sijui hata sasa lina maana gani, maandishi yalisema tu umefanya kazi sana leo, na ukumbi wote wa Kawangware ukakaa kimya ukiangalia mtu wa mashine akiisha nguvu.

Nimelia hadharani. Si mimi peke yangu.

Mama Shiro alisema nilikuwa na bahati. Nikamwambia asante. Hakusema tena habari ya Sayo mwingine, na safari hii aliniita Akoth.

Jumatatu, 24 Machi

Mama mkwe amepiga kabla sijawasha jiko.

Amemwota. Jana alfajiri. Ouma amekaa kwenye mkeka nje ya jiko lake, anakula samaki, anatoa miiba polepole kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nikamuuliza alisema nini. Hakusema kitu. Alikuwa na njaa tu, alikula akashiba, akanawa.

Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo. Nilitaka iwe yangu.

Nikamwambia nimefurahi kwa ajili yake. Nikamkumbusha ndoto ya mama haihesabiki, lazima iwe ya mke, wazee watauliza.

Akasema wazee hawakuwepo usingizini mwake. Ameshawaambia ni mimi niliyeota. Shati la kijani, mkeka, samaki, amewapa yote, amewaambia nyar Alego amepiga simu asubuhi akilia. "Sasa nenda kwa mama yako," akasema. "Usimgeuze kwa kumvuta mkono, nyonga inauma. Weka mto chini ya magoti."

Basi la kwenda Alego ni kesho asubuhi. Nimenunua mto.